Sentensi za Mume Wangu

Kiingereza hakikuingia nyumbani kwetu kwa mapenzi. Kiliingia kwa sababu ya mama mmoja wa ofisini aliyeagiza viti vya kukalia wageni, kisha akatuandikia kwenye simu: "We have to call off the order." Mimi na mume wangu tuliusoma ujumbe ule tukaelewana kabisa. Kuna simu hapo, kuna oda, basi mteja atapiga simu kuhusu oda yake. Mume wangu akaiweka simu juu ya meza ya kukatia, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, na kila ilipolia aliirukia na kujikohoza kwanza. Mimi huku nikakata kitambaa, kile cha buluu ambacho hakuna mteja mwingine angekitaka, nikashona mpaka vifungo vya mgongoni. Yule mama alipokuja kupita tu, akakuta viti vyake vimepangwa mlangoni vinang'aa, alishika mdomo. Alikuwa amefuta oda zamani.

"Kwa hiyo hako ka 'off' ndiko kalikofuta?" nilimuuliza mume wangu yule mama alipoondoka.

Mume wangu akapandisha nyusi. Hilo lilikuwa jibu lake la kawaida, maana mdomo wake ulikuwa na misumari.

Lazima nieleze hapo, la sivyo mtamwona mtu wa ajabu. Kazi yetu ni kuvisha viti. Anayegonga kitambaa kwenye mbao hujaza misumari midogo mdomoni, anaitoa mmoja mmoja kwa midomo, anaubandika kwenye nyundo yenye sumaku, anagonga. Mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine una nyundo, mdomo ndio kopo. Mtu wa namna hiyo haongei kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mimi niko kwenye cherehani, yeye yuko kwenye kigoda chake, na ndoa yetu imekwenda hivyo miaka na miaka. Nyusi zake nilizijua zote: ya ndiyo, ya hapana, ya njaa, ya mteja msumbufu. Nilidhani namjua.

Karakana ilikuwa ya marehemu baba yangu. Mume wangu alifika pale kijana mbichi, hajui kushika mkasi, baba akampenda, akamfundisha, na siku aliyonioza kwake akamkabidhi na nyundo yake mwenyewe mbele ya watu. Watu wakacheka, wakasema bwana harusi amepewa vyote kwa mkupuo. Mimi nilikuwa najua kugonga kabla yake, lakini nyundo haikuja kwangu. Sikununa. Nilikuwa bibi harusi, ningenuna saa ngapi?

Mama yangu yuko hai, anakaa kwenye vyumba vya nyuma ya karakana. Mume wangu anamheshimu mama kiasi cha kuchekesha. Hamtazami usoni, haongei naye moja kwa moja. Anakaa naye chumba kimoja, hatua chache tu kutoka kiti chake, kisha ananiambia mimi, "Mwambie mama sukari imetosha." Na mama, ambaye masikio yake hayana kasoro, anasubiri nimwambie, halafu ananijibu, "Mwambie mkwe wangu nimesikia." Mimi katikati kama waya wa simu. Tulizoea.

Basi baada ya aibu ya viti vya buluu tukakata shauri tukasome. Kulikuwa na darasa la watu wazima mchana, saa ambazo kazi inalala, katika chumba cha shule ya udereva mtaa wa pili. Kuta zote zilikuwa na picha za alama za barabarani, na pembeni kulikuwa na usukani uliofungwa kwenye stuli ya chuma, wa kufundishia watu kabla hawajapewa gari. Mwalimu tulimwita Mwalimu Tena, kwa kuwa ukimaliza sentensi, hata iwe nzuri namna gani, alisema, "Tena!" na darasa zima likairudia kwa sauti.

Mwalimu Tena alikuwa na sheria yake moja ambayo sijaikuta kwingine. Mifano ya kitabuni aliikataa. "Sentensi ya kitabu itabaki kwenye kitabu," alisema. "Nataka sentensi ya nyumbani kwako, ya kazini kwako, ya kweli. Mkinipa ya kweli haitawatoka." Alikuwa hakagui, lakini. Ukweli wa sentensi aliuacha kwako na Mungu wako. Yeye alikagua Kiingereza tu.

Na alitufundisha vile vitenzi vyenye mikia. Hivyo ndivyo nilivyoviita mimi, vitenzi vyenye mikia, maana kitenzi chenyewe unakijua vizuri, kisha kinafungwa kakitu nyuma na chote kinageuka. Huyu 'put', kwa mfano, nilimfahamu tangu shule ya msingi: kuweka. Mtu mtulivu. Lakini mpe 'on', anavaa nguo. Mpe 'off', anaahirisha mambo. Mpe 'out', anazima moto. Mpe 'up' na 'with' kwa pamoja, sijui tena anafanya nini. Ni kama shemeji yangu mmoja, akiwa peke yake mtu wa maana kabisa, akiandamana na marafiki zake humtambui. Kichwa kiliniuma. Nilikuwa narudi nyumbani nimechanganyikiwa hivi kwamba nilishona mkono wa kochi ndani nje.

Wenzangu walikuwa wanapata. Mkunga, jirani yangu wa dawati, aliomba nafasi siku ya kwanza akasema, "The baby turned up before me," mtoto alijitokeza kabla hajafika yeye, tukavunjika mbavu. Kinyozi akasema ameishiwa wembe, "I ran out of blades," akapigiwa makofi. Mimi nilisimama nikasema, "I get up." Mwalimu akasubiri. Nikaongeza, "I get up every day."

"Tena!" Na darasa zima likaamka kila siku pamoja nami.

Halafu akasimama mume wangu. Nilijiandaa kumwonea huruma. Mtu wangu wa nyusi akavuta suruali, akatazama ukuta wenye alama za barabarani, akasema kwa sauti pana ambayo sikuwahi kuisikia, "I grew up in a palace!" Nilikulia kwenye kasri la mfalme. Kinyozi alianguka juu ya dawati. Mwalimu mwenyewe alifuta machozi. Kumbe mume wangu ni mcheshi! Alirudi kukaa uso umemchangamka, na akanikonyeza, mimi mkewe, kama msichana wa kituo cha basi.

Nikaona raha, sikatai. Lakini na wivu uliniuma. Huyu mtu anayechekesha mkunga na kinyozi, mbona kwangu haji? Kila tulipokwenda alikuwa na jipya. "My wife looks after me and I look for my wife," mke wangu ananitunza, mimi namtafuta. Wakacheka. Tukitoka pale, hatua chache tu nje ya mlango, anazimika. Karakanani anachukua kiganja cha misumari, anajaza mdomo, basi, tumerudi kwenye nyusi.

Ndipo siku moja akasimama akasema, bila kuvuta suruali safari hii, "I have been putting up with chairs for many years."

Watu wakacheka kwa mazoea. "Tena!" akasema mwalimu, nami nikairudia pamoja na wenzangu kwa sauti kubwa, neno kwa neno, na sikuelewa hata chembe. Nilisikia viti, nikasikia miaka mingi. Nikajua anajisifia kazi.

Wakati wa kutoka nikamvuta mkunga mkono. "Hiyo ya viti, ina maana gani?"

Mkunga alifikiri. "Ni kuvumilia, dada. Kama mama anavyovumilia uchungu. Huupendi, huna la kufanya, unauvumilia."

"Anavumilia viti?"

"Ndivyo alivyosema. Miaka mingi." Kisha akanitazama, akacheka kidogo. "Si mfano tu? Juzi alikulia kwenye kasri."

Nilitembea nyumbani nikilirudia neno hilo. Jioni, misumari ilipokwisha mdomoni mwake, nikamuuliza waziwazi, "Wewe unavumilia viti?"

"Ni mfano tu, mama watoto," alisema, na kushika mlango atoke.

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa hasa, na hapakuwa na mwalimu wa kunisaidia. Sheria ya darasa ilitaka sentensi za kweli. Kasri lilikuwa uongo, kila mtu alijua. Kwa hiyo viti ni uongo kama kasri, au viti ni kweli kama sheria? Zilitoka mdomo mmoja, siku zile zile, kwa uso ule ule. Nilianza kumsikiliza mume wangu darasani kama mtu anayepima sifongo la kuuziwa kwa kidole: hapa gumu, hapa laini, hapa sijui. Alisema, "My back gave out," mgongo ulinisaliti. Kweli, niliukanda mwenyewe. Alisema, "I ran into a lion at the market," nilikutana na simba sokoni. Uongo. Alisema, "I have signed up for driving," amejiandikisha kujifunza gari, kinyozi akapiga makofi na wote wakageukia ule usukani wa stuli wakacheka. Uongo, nilijiambia. Mtu mzima vile, watoto wetu wenyewe wameshaota ndevu. Uongo mtupu.

Siku iliyofuata akasema, "I want to give up the hammer."

Nilifikiri kidogo. Kutoa, juu, nyundo. Anataka kuinyanyua nyundo? Si anainyanyua kila siku? Mwalimu alipoona sura yangu akaeleza, kwa Kiingereza chake cha polepole na mikono, kwamba ni kuacha kitu kabisa, kama mtu anavyoacha sigara. Akafanya ishara ya kutupa sigara chini na kuikanyaga.

Nyundo ya baba yangu ndiyo iliyokanyagwa pale sakafuni. Damu ilinipanda. Nikasimama bila kuitwa, nikatafuta kitenzi chenye mkia cha kumpiga nacho, nikakipata.

"My husband makes up stories!"

Mume wangu anatunga uongo. Ilikuwa sentensi yangu ya kwanza ndefu, na haikuwa na kosa hata moja. Mwalimu Tena alifurahi hata akapiga meza. "Excellent! Tena!" Na watu wote, mkunga, kinyozi, wote, wakaimba kwa furaha: mume wangu anatunga uongo, mume wangu anatunga uongo. Mume wangu naye, kwa kuwa ni mwanafunzi mtiifu, aliirudia.

Kisha hakukaa. Alibaki amesimama, akanitazama mimi peke yangu, akasema taratibu, "My father-in-law passed away, but he did not go away."

Hiyo sikuhitaji mkunga. Baba mkwe wangu alifariki, lakini hakuondoka. Mwalimu akasema vitenzi viwili katika sentensi moja, huyu mzee ni moto, Tena! Wenzangu walipofungua midomo kuirudia nilikuwa nimeshachukua mkoba wangu. Sikutaka kusikia kifo cha baba yangu kikiimbwa na watu chini ya picha ya alama ya kona kali.

Alinifuata mtaani, nyuma kidogo, hakunifikia na hakuachwa. Tulipoingia karakana nilifunga mlango wa mbele na komeo. Aliponyoosha mkono kwenye kopo la misumari nililiondoa nikaliweka nyuma yangu.

"Leo hujazi mdomo," nilimwambia. "Sema. Ile ni mifano au ni kweli?"

Aliliangalia kopo nyuma yangu.

"Udereva?"

"Kweli," alisema. "Nimeshaanza. Asubuhi ninapokwenda kutafuta mbao."

Mbao! Nikakumbuka zile safari zote za mbao na jinsi alivyokuwa akirudi mikono mitupu, anasema mbao hazijakauka. "Uendeshe nini sasa na umri wako?"

"Basi la shule. Wanatafuta watu wazima, vijana wanakimbiza." Alivuta pumzi. "Nataka kazi inayosogea, mama watoto. Nataka kuamkia watu asubuhi na wao waniamkie. Mimi napenda kuongea. Wewe ulikuwa hujui. Hata mimi nilikuwa sijui mpaka kule darasani."

"Kwa nini hukuniambia? Mimi ninakaa hapa! Cherehani hii hapa, wewe pale!"

"Ningeanzaje?" Aliigusa meza ya kukatia, akagusa mkasi, akagusa farasi wa mbao wa kuwekea viti. "Kila kitu humu baba ndiye aliyenitajia jina lake. Nikitaka kusema nimechoka, nasikia sauti yake ikisema hapa hachoki mtu, hapa panavishwa viti. Kwa Kiswahili kila sentensi ninayoijaribu inatoka kama tusi kwake. Nikifika kule, kile Kiingereza si cha mtu yeyote. Nasema, watu wanacheka, inapita. Nikaona angalau imetoka."

"Na viti nani atavivisha?"

"Wewe. Unajua kugonga kuliko mimi, na baba alilijua hilo."

Hilo lilikuwa kweli. Lakini si viti vilivyokuwa vinanichoma. Nitasema ilivyo: niliogopa. Huyu mtu alipewa nyundo pamoja nami siku moja, mkono mmoja, mbele ya watu wale wale. Sasa anarudisha kimoja. Nani angeniambia kwamba cha pili kinabaki? Swali hilo nililizungusha mdomoni, likakataa kutoka. Nikaona aibu kuuliza kitu kama hicho, mimi mwenye watoto wenye ndevu.

"Lazima mama aambiwe," ndilo nililosema. Karakana ni ya mama. Bila neno lake haiachwi wala haishikwi.

"Mwambie," akasema, kwa mazoea yake yale yale.

"Mimi! Sukari nitabeba, chai nitabeba. Hili sibebi. Utamwambia mwenyewe."

"Kwa Kiswahili siwezi. Nimekwambia siwezi."

"Basi mwambie kwa Kiingereza!" nilifoka. Nilikuwa namkejeli. Mama yangu anajua Kiingereza cha 'good morning', na hicho anakitumia usiku.

Mume wangu akanitazama. Nyusi zikapanda polepole, na ilikuwa nyusi ambayo sikuwa nayo kwenye hesabu zangu.

"Wewe utatafsiri," alisema.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Jumapili mchana, watu watatu ambao wote wamezaliwa katika Kiswahili, wamelelewa kwa Kiswahili na kugombana kwa Kiswahili maisha yao yote, walikaa kwenye chumba kimoja kuzungumza Kiingereza. Sijawahi kuona kichekesho kama kile, wala sijawahi kutokwa jasho kama lile. Mama alikuwa kwenye kiti chake kikubwa, kanga mabegani, miguu juu ya kibao. Mume wangu alikataa kukaa. Alisimama karibu na dirisha, amevaa shati la kwenda msibani, anatazama zulia.

"Mother," alianza.

Mama akanigeukia. "Amepatwa na nini mkwe wangu?"

"Ana jambo, mama. Kwa Kiswahili linampa taabu. Atalisema kwa Kiingereza, mimi nitakueleza."

Nilingoja anicheke, au aniulize kama tumelewa. Mama alikaa akafikiri, akasema, "Haya. Mwambie nasikiliza." Kwake huenda halikuwa jambo geni, tangu lini mkwe wake amemwambia kitu bila kupitia kwangu?

"I look up to you," alisema mume wangu.

"Anasema anakutazama juu," nilisema haraka.

Mama akatazama darini.

"Hapana, samahani. Anakuheshimu. Ni kukuheshimu."

"Hilo nalijua," alisema mama, akarudisha macho chini.

"Your husband brought me up."

"Baba alinilea." Nilisema hivyo hivyo, kama kwamba ni mimi. Mwalimu alitufundisha kwamba anayetafsiri hasemi 'anasema', anakuwa yule mtu. Mama alitikisa kichwa kukubali. Nilimwona mume wangu akimeza mate.

"I have been putting up with the chairs," alisema, na sauti yake ya darasani haikuwepo kabisa. "Many years. I am tired. I want to give up the workshop."

Nilikuwa na nafasi. Mtu asiyewahi kusimama katikati ya watu wawili na lugha mbili hawezi kujua nafasi ile. Ningeweza kusema chochote. Nilifungua mdomo nikasema, "Anasema viti vinakwenda vizuri, ila mgongo unamsumbua."

Mama alinitazama. "Mbona yeye amesema kirefu, wewe umesema kifupi?"

Mume wangu hakuniumbua. Alisubiri tu, macho kwenye zulia, na kumwona amesimama vile na shati lake la msibani kulinivunja nguvu. Nikaanza upya.

"Nimevivumilia viti miaka mingi, mama. Nimechoka. Nataka kuiacha karakana." Sauti ilikuwa yangu, na nilipokuwa naisema niliichukia kila silabi. Nilikuwa ninaiaga kazi ya baba yangu mbele ya mama yangu, kwa niaba ya mtu aliyekuwa anasikia kila neno. Nikaongeza na ambayo hakuyafikia: "Nimejiandikisha kujifunza udereva. Mwanao ataishika karakana, anajua kazi."

Mama alipitisha kiganja kwenye mkono wa kiti chake, kwenda na kurudi, pale kitambaa kilipochakaa. Nje kuna mtu alikuwa anafua, tulisikia maji.

"Karakana nimesikia," alisema mwishowe. "Mbao ni mbao. Mwulize swali langu moja. Baba yenu alimpa vitu viwili siku ile. Anarudisha kimoja, au anarudisha vyote?"

Nikauma ulimi. Mama alikuwa amelichukua swali langu, lile lililokataa kutoka, na kuliweka mezani kama sahani. Mume wangu alilisikia, kwa Kiswahili safi, alikuwa hatua chache kutoka kwake. Lakini mchezo ulikuwa mchezo, wote wawili walinigeukia, wananisubiri. Nilitafuta. Kuna kimoja tulichofundishwa wiki ile ile, cha mtu anayeondoka na kumwacha mwenzake njiani.

"Are you," nilisema, nikaanza tena. "Are you walking out on me?"

Aliinua uso ghafla. Nadhani mpaka dakika ile hakuwa amejua kwamba kuna mtu humu ndani anafikiria jambo hilo.

"No," alisema. "I will never walk out on her. Never."

"Amesemaje?" aliuliza mama.

Nilielewa. Katika sentensi zote nilizowahi kuzisikia katika lugha ile, hakuna niliyoielewa kama ile, na mkia wake na kila kitu. Ningeweza kuitafsiri nimefumba macho. Lakini niliiona ikitoka mdomoni mwangu, kwa sauti yangu, mimi mwenyewe nikimhakikishia mama yangu kwamba siachwi, nikakataa. Kama ni mfano tu, na uishie huko huko kwenye Kiingereza.

"Sijaelewa, mama," nilisema.

Mume wangu akairudia, polepole zaidi, akinitazama.

"Sijaelewa. Hiyo hatujafundishwa."

Alijua kwamba ninadanganya. Kitenzi chenyewe nilikuwa nimetoka kukitumia mimi, pumzi moja iliyopita. Nyusi zake ziliniomba, nikageuka nikatazama ukuta. Nilimwacha pale dirishani peke yake, bila mkalimani, na kimya kikawa kirefu hata yule anayefua nje akaonekana anatusikiliza.

Kisha nikasikia akipiga hatua kwenye zulia. Alikwenda mpaka mbele ya kiti cha mama na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akamtazama usoni.

"Simwachi, mama," alisema. "Mwanao simwachi. Viti ndivyo vilivyonishinda, yeye hajanishinda hata siku moja. Hata ungenipa vyote viwili tena leo, ningemchukua yeye tu."

Sikugeuka. Machozi yalikuwa yananitiririka na sikutaka wote wawili wanione kwa pamoja. Nilisubiri mama aniambie niseme nini, kama kawaida yetu, nimpelekee mkwe wake jibu.

Mama hakuniambia kitu. Aliondoa miguu yake juu ya kibao, akakisukuma kibao mpaka kwa mkwe wake, akamwambia yeye mwenyewe:

"Kumbe Kiswahili unakijua. Kaa basi, umesimama tangu mchana."